Fundi, Ulijua?

Somo: Kutoka 21:33-36



Mwezi wa tatu, mvua ilipoanza, ndugu mmoja wa kanisa hili alinisubiri mlangoni baada ya maombi ya mchana. Ni fundi wa mashine. Karakana yake iko huku Industrial Area, ukishuka na Lunga Lunga, na hata Jumapili kucha zake zina grisi. Akaniuliza, "Pasta, mtu akinunua kitu akijua kimetumika, halafu kiharibike, makosa ni ya nani?"

Nilimjibu haraka. Nimesomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba mnunuzi ajichunge mwenyewe. Nikamwambia kama mteja aliambiwa spea si mpya, na bei ikashuka kwa sababu hiyo, basi hasara ni yake. Akasema asante. Lakini hakuondoka. Mtu aliyepata jibu la kumtosha huenda zake, kwa hivyo nikavuta viti viwili tukaketi.

Kumbe kulikuwa na mzee wa upande wa Ol Kalou, mkulima wa viazi, aliyeleta trekta yake, Massey Ferguson 240, giaboksi ikilia. Gia mpya zilimshinda bei. Wakakubaliana ijengwe upya kwa spea za trekta nyingine iliyovunjwa skrapu. Hapo hakuna kosa. Sisi watu wa Eastlands tumevaa mtumba wa Gikomba na tumependeza, na hata spika za kanisa hili hazikuja na kartoni.

Siku ya kufunga, fundi aliinua gia moja kwenye mwanga akaona ncha za meno yake zimelika, zimekuwa za mviringo upande mmoja. Gia kama hiyo ikiwa haina mzigo hukaa kimya. Ukiipa mzigo, meno yanasukumana, na kwa sababu ncha zimelala, gia inateleza polepole mpaka inachomoka. Mzee alikuwa nje, ameketi juu ya debe, anakunywa chai. Fundi aliifunga ile gia. Wakaijaribu trekta uwanjani, mbele na nyuma, ikaenda vizuri. Mzee akalipa, akashukuru, akaomba Mungu abariki kazi ya mikono ya fundi.

Wiki ya kwanza ya kulima, trekta ikiwa kwenye mteremko na plau nyuma, gia ikaruka. Trekta iliyotoka kwenye gia mteremkoni imebakiwa na breki peke yake. Mzee hakuumia, tunamshukuru Mungu, lakini aliogopa akaiacha pale pale shambani.

Nilimwomba fundi anieleze ubovu wa namna hiyo hutafutwa vipi. Akasema unaanza kwa maswali. Inaruka gia moja au zote? Kama ni zote, unashuku kitu kinachotumiwa na zote, kama beringi. Kama ni moja, unaangalia gia hiyo na uma unaoisukuma. Inaruka ikiwa na mzigo au hata tupu? Kisha unaanza na kilicho rahisi kufikia: wenzo, springi na gololi inayoshikilia gia mahali pake. Unamwaga oili ya giaboksi, unaipitisha kwenye kitambaa uone kama ina unga wa chuma. Mwisho kabisa ndio unakata trekta katikati, maana trekta ya aina hii haina chesi kama lori. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimeungana kwa bolti, hizo ndizo uti wa mgongo wake. Kufikia gia ni kuitenganisha vipande viwili. Kazi ya siku nzima au zaidi, na jasho.

Nikamuuliza, "Na wewe ulianza wapi?"

Akanyamaza kidogo. Alikuwa amepanda matatu mpaka Ol Kalou, akabadilisha springi na gololi, akamwambia mzee nafikiri ni hapa. Ikashika asubuhi moja, ikaruka tena. "Pasta, nilikuwa natafuta mahali ambapo nilijua hakuna kitu."

Hapo jibu langu la darasani lilikufa. Kuuza spea iliyotumika ni jambo moja. Kumwona mtu akihangaika kutafuta ugonjwa ambao wewe unaujua, na hata kumsaidia kuutafuta, ni jambo jingine.

Nenda kwenye somo letu. Ng'ombe wa mtu akiua ng'ombe wa jirani na hakuna aliyejua kwamba ana tabia hiyo, Musa anasema auzwe aliye hai wagawane pesa, na mfu wamgawane pia. Hasara ni nusu kwa nusu. Lakini kama ilijulikana kwamba ng'ombe huyo hupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe hakumfunga, analipa ng'ombe kwa ng'ombe. Ng'ombe ni wale wale, pembe zile zile. Kilichobadilisha hesabu ni kujua. Bei nafuu ya spea inalipia yale ambayo nyote wawili hamjui, na hapo mzee alikubali kubahatisha. Hakukubali kubahatisha peke yake huku mwenzake ameshaona karata. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili bidhaa imfae. Soma Musa kwanza, lakini hata hiyo isome.

Najua mtaniambia, Pasta, ukisema kila kitu hutauza. Nililiweka swali hilo mbele ya fundi na yeye ndiye aliyenijibu. Gia ile haikuwa takataka. Kwa mtu wa kuvuta trela tupu kwenye tambarare ingemsukuma siku nyingi. Ilitosha kusema, "Mzee, hii usilimie kwenye mteremko." Mzee angechagua mwenyewe.

Na msinione nimesimama pembeni. Nilipouza gari langu, giaboksi yake ilikuwa inagoma asubuhi ikiwa baridi. Mnunuzi nilimwita saa nane mchana, gari limeshazunguka Jogoo Road likapata moto. Sikusema uongo hata neno moja. Hata nilitoa fungu la kumi katika pesa hizo. Baada ya mazungumzo haya na fundi nilimpigia simu yule kijana. Alikuwa ameshatengeneza kwa pesa zake, na alinisikiliza bila kunitukana, jambo ambalo liliniuma zaidi. Namlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Fundi naye alimpigia mzee nikiwa nimeketi pale. Mzee aliuliza swali moja tu, "Kijana yangu, ulijua siku ile ile?" Akajibu, "Ndio, mzee." Simu ikakaa kimya mpaka nikadhani imekatika.

Trekta ilikatwa tena, huko huko shambani, chini ya turubai. Gia na mwenzake wanaoshikana zilibadilishwa pamoja, kwa maana meno yaliyozoeana hayapendi mgeni. Fundi alilipa gia, oili na nauli, na kazi hakuitoza. Yalibaki mashamba ambayo majirani walikuwa wameshapanda na ya mzee bado. Kutoka 21:19 inataka aliyemuumiza mwenzake amlipe na muda aliopoteza, kwa hivyo fundi akakodisha trekta ya jirani, ikalima ekari mbili wakati wao wako chini ya turubai.

Walipomaliza, mzee hakuijaribu kwenye tambarare. Aliipeleka moja kwa moja mteremkoni, na fundi akatembea kando yake mpaka chini.