Oili Chafu ni ya Nani?

Anayejifunza kubadilisha oili ya gari nyumbani husifiwa kwa kujitegemea, na sifa hiyo naikubali. Kazi yenyewe si ngumu: unawasha injini ipate joto kidogo ili oili iwe nyepesi, unaizima, unafungua nati ya chini, unabadilisha filta, unajaza oili mpya kwa kipimo. Ila kwenye beseni zimebaki takribani lita 4 nyeusi, na hapo ndipo swali langu linapoanza.

Kumbe gereji ilikuwa ikituuzia huduma mbili: kubadilisha oili, na kutojua inakokwenda. Ukijifanyia mwenyewe, ile ya pili unaikosa. Hapa Kampala mitaro mingi ya katikati ya jiji huingia mfereji wa Nakivubo, nao humwaga maji yake katika ghuba ileile ya Ziwa Viktoria ambamo mitambo ya Ggaba huteka maji ya mabomba yetu.

Wapo wasemao beseni moja si kitu mbele ya ziwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama gari la baba lingekuwa peke yake mjini. Wengine huipaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Naona ni kuichelewesha tu, maana mvua ipo.

Mimi huitia kwenye dumu na kumpelekea fundi mwenye pipa la oili chafu. Nimemwuliza pipa likijaa huchukuliwa na nani. Alicheka. Bado namwuliza.