Siri Isitamkwe Mlangoni

Wanangu mnaofunga intaneti ya mtaani Mwanjelwa na Mlandege, nipeni masikio kidogo. Ninyi hamkuzijua modemu zetu. Intaneti ilipoanza kuenea nchini miaka ya 1990, barua pepe moja ikitaka kutoka Mbeya, kompyuta ilipiga simu kama mtu apigavyo, modemu ikakwaruza na kulia, kisha mlangoni ikaulizwa: wewe nani? Jibu la swali hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Programu nyingi za mwanzo zilijibu kwa itifaki ya PAP, yaani kompyuta ilitaja jina na nywila waziwazi kwenye waya. Ni kama walinzi wa mtaa wanaotumia neno lilelile kila usiku: mwizi akijibanza shambani usiku mmoja tu, kesho yake anapita kifua mbele. CHAP, iliyoelezwa pamoja na PAP katika waraka mmoja wa mwaka 1992 na kuandikwa upya mwaka 1996, ilileta adabu nyingine. Mlinzi anakupa namba isiyotabirika. Unaichanganya na siri yako, unamrudishia matokeo. Siri yenyewe haitoki mdomoni. Akitaka, atakuuliza tena mkiwa katikati ya mazungumzo, kwa namba mpya.

Mtauliza: aliyesikia namba na jibu si atapiga hesabu kurudi nyuma? Angeweza, kama ingekuwa kujumlisha tu. Mlinzi akisema 17 nawe ukajibu 40, mtoto wa shule ya msingi atajua siri ni 23. Ndiyo maana CHAP husaga, na kinu chake kinaitwa MD5. Sisi ni watu wa mahindi, tunaelewana. Ukipeleka mahindi mashineni utarudi na unga, na hakuna fundi wa Iringa wala Mbeya atakayeugeuza unga huo kuwa punje. Mlinzi anayo mahindi kama yako. Anasaga yake, analinganisha unga na unga.

Lakini msilewe sifa za kinu. Mwizi mwenye subira atasaga kila aina ya mahindi anayoijua mpaka unga ufanane. Mteja akifanya nywila kuwa jina la mwanawe au namba yake ya simu, mwizi hatachelewa. Tena, kwa kuwa mlinzi naye lazima asage, siri za wateja anazitunza ghalani zikiwa punje nzima. Ghala likivunjwa, zimekwenda zote. Lindeni faili hilo kuliko mnavyolinda sanduku la fedha.

Sasa niwaambie kosa langu. Kabla ya kuingia, pande mbili hupatana kwanza: seva hutaka CHAP, na programu isiyoijua hukataa na kuomba PAP. Nilikuwa na mteja mmoja Iringa ambaye programu yake ilikuwa ya namna hiyo. Alikuwa na haraka, nami nikamhurumia, nikairuhusu PAP kwa siku moja. Niliiruhusu kwa wateja wote, maana ndivyo ilivyokuwa rahisi. Miezi ikapita, mlango uko vilevile, na watu walioniamini wakaendelea kutaja nywila zao hadharani bila kujua. Ilinipasa kuketi na mteja yule, nimbadilishie programu. Ingenigharimu mchana mmoja.

Nanyi jaribu hilo mnalo. Laini iliyo mfukoni mwako haina shida hiyo: kwenye GSM mtandao huipa namba ya biti 128, nayo hujibu kwa biti 32, ufunguo wake ukibaki ndani. Lakini kwenye ruta mnazowafungia wateja, penye orodha ya njia za kuthibitisha, mara nyingi PAP imewekewa tiki tangu kiwandani. MS-CHAP ya pili, ndugu yake CHAP, nayo isiwatulize peke yake. Mwaka 2012 mtafiti wa usalama Moxie Marlinspike alionyesha kuwa inavunjika chini ya siku moja. Ifungieni ndani ya njia iliyosimbwa.

Kesho asubuhi, kabla simu za wateja hazijaanza, fungua orodha hiyo uiondoe tiki ya PAP. Atakayeshindwa kuingia atakupigia. Chukua bajaji, nenda kwake.