Deni la Kipaji

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi katika fikra za watu kuhusu malezi na mafanikio ni ile isemayo kwamba nyota njema huonekana alfajiri, yaani kwamba atakayekuwa mkubwa huonyesha dalili za ukubwa wake angali mdogo. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini ina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana, nao ni kwamba nyota ikishaonekana, kila aliyeiona hujihesabu kuwa anaidai. Kijana akitambuliwa mapema kuwa na kipaji, kipaji hicho huacha kuwa chake peke yake, na kila mwaka unaopita bila ushindi mkubwa huandikwa dhidi yake kana kwamba amekula amana ya watu. Katika michezo ya leo jambo hili linaonekana waziwazi katika tenisi, na katika tenisi ya wanaume ni wachache wanaolidhihirisha kama Holger Rune wa Denmark.

Rune alizaliwa tarehe 29 Aprili 2003 huko Gentofte, jirani na jiji la Copenhagen, siku sita tu kabla ya kuzaliwa kwa Carlos Alcaraz wa Hispania, na ukaribu huo wa tarehe umemfuata kama kivuli, kwa kuwa wawili hao walikutana tangu mashindano ya watoto na hapakuwa na mtu wakati huo aliyeweza kusema kwa yakini ni yupi angemzidi mwenzake. Mwaka 2019 Rune alitwaa ubingwa wa vijana katika Mashindano ya Wazi ya Ufaransa na akawahi kushika namba moja katika orodha ya vijana duniani. Hadi mwisho wa mwaka 2025 Alcaraz alikuwa na mataji sita ya Grand Slam, jina linalotumika kwa mashindano manne makubwa kuliko yote, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, ilhali Rune hakuwa amevuka robo fainali katika lolote kati ya hayo manne.

Hata hivyo, wanaomdai Rune hawamdai bila ushahidi. Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 19, alishinda mashindano ya Paris ya daraja la Masters 1000, daraja lililo chini ya Grand Slam, ambalo bingwa wake hupewa pointi 1,000 katika orodha ya ubora. Katika safari hiyo aliwashinda wachezaji watano waliokuwamo katika kumi bora duniani: Hubert Hurkacz, Andrey Rublev, Alcaraz mwenyewe, aliyejiondoa kwa maumivu mechi ikiwa katika seti ya pili, Félix Auger-Aliassime, na katika fainali Novak Djokovic, kwa seti za 3-6, 6-3, 7-5. Gemu ya mwisho ya fainali hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Rune alikuwa akiongoza kwa 6-5 na zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa yake, hivyo alihitaji kushinda gemu hiyo moja tu ili awe bingwa. Djokovic, ambaye katika kurudisha mpira wa kuanzisha hana wengi wa kufananishwa naye, alipata nafasi sita za kuvunja, yaani mara sita alibakiza pointi moja tu kuinyakua gemu hiyo na kuirudisha seti kwenye usawa. Rune alizifuta zote sita. Mtu mwenye moyo mwepesi hafanyi hivyo, na jambo hili lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba tatizo la kijana huyu ni woga.

Ubingwa huohuo ulikaribia kumponyoka siku ya kwanza kabisa. Katika raundi ya kwanza Stan Wawrinka wa Uswisi, aliyekuwa na umri wa miaka 37, alipata pointi tatu ambazo yoyote kati yake ingemaliza mechi, na zote tatu zikapotea. Walipofika wavuni kupeana mkono, Wawrinka alimshauri mshindi wake aache mambo ya kitoto uwanjani, na kamera zikayanasa maneno hayo. Ushauri huo ulisambaa kuliko takwimu zozote za mechi, na tangu hapo tafsiri ya maisha ya Rune ikawa imekamilika machoni pa wengi: kijana ana mkono wa dhahabu na kichwa cha mtoto, na siku kichwa kitakapokomaa, mkono utafanya kazi yake.

Yaliyofuata yalionekana kuithibitisha tafsiri hiyo. Agosti 2023 Rune alifikia namba nne duniani, lakini katika mwezi huohuo alitolewa raundi ya kwanza ya Mashindano ya Wazi ya Marekani, na mwaka uliofuata akatolewa hapohapo katika raundi hiyohiyo. Baada ya taji la Munich la Aprili 2023 alikaa miaka miwili bila taji jingine. Mwaka 2025 peke yake unatosha kumchosha mshabiki wake: Machi alifika fainali ya Indian Wells na kushindwa na Jack Draper kwa 6-2, 6-2, Aprili alimshinda Alcaraz katika fainali ya Barcelona kwa 7-6, 6-2, mbele ya Wahispania wenyewe, kisha katika raundi ya kwanza ya Wimbledon aliongoza kwa seti mbili kwa sifuri dhidi ya Nicolás Jarry wa Chile, akapoteza tatu zilizofuata.

Wahenga waliosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji wangekuwa na jibu la haraka kwa mwenendo kama huo, na ndilo jibu ambalo wachambuzi wengi wa tenisi wamelitoa kwa maneno yao: sifa zilimwahi mno. Jibu hilo ni tamu kwa sababu linageuza suala la ufundi kuwa suala la adabu, na katika suala la adabu kila mtu ni mtaalamu. Lakini halielezi vya kutosha. Raketi zinazobamizwa chini na mabishano na waamuzi huonekana kwenye runinga, ilhali mambo yanayoamua mechi mara nyingi hayaonekani, na ili kuyaelewa ni lazima kwanza ifahamike jinsi tofauti kati ya ushindi na kushindwa katika tenisi ilivyo ndogo.

Roger Federer, alipohutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwezi Juni 2024, alieleza kwamba katika mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alizocheza alishinda karibu asilimia 80, lakini kati ya pointi zote za mechi hizo alishinda asilimia 54 tu. Takwimu hiyo inapaswa kumtuliza yeyote anayetaka kumhukumu kijana kwa mechi moja. Ikiwa mmoja wa wachezaji bora wa zama zote alipoteza karibu nusu ya pointi alizocheza, basi anayeshinda asilimia 52 Jumatatu na asilimia 49 Jumatano hajabadilika kuwa mtu mwingine katika siku hizo mbili, ingawa Jumatatu ataitwa fundi na Jumatano ataitwa mzembe. Tenisi huhesabu gemu na seti, na pointi chache zilizoangukia mahali pabaya zinaweza kubeba mechi nzima.

Kukosa uthabiti, kwa hiyo, maana yake katika mchezo huu ni kuwa na siku mbaya zilizo mbaya mno. Hapa ndipo Rune anapoachwa na wenzake. Siku zake nzuri si pungufu kwa za mtu yeyote. Djokovic na Alcaraz wameshuhudia. Lakini taji la Grand Slam huhitaji ushindi wa mechi saba katika majuma mawili, kila mechi ikiamuliwa na seti tatu kati ya tano, na hakuna binadamu anayeamka vizuri mara saba mfululizo. Bingwa hupatikana siku ile ya tatu au ya nne ambapo mpira hautii, miguu ni mizito, upepo unavuma, na bado mtu anatafuta njia ya kushinda huku akicheza vibaya. Orodha ya ubora nayo imejengwa juu ya msingi huohuo, kwa kuwa pointi zinazopatikana katika mashindano hudumu majuma 52 na kisha hufutika, hivyo aliyeshinda Paris mwaka mmoja asiposhinda tena huko mwaka unaofuata huporomoka hata kama hajapoteza chochote cha ufundi wake.

Kwa nini siku mbaya za Rune ziwe mbaya kuliko za wengine? Sehemu ya jibu, kwa namna ya ajabu, ni wingi wa alivyojaliwa. Anaweza kuuwahi mpira ungali unapanda na kushambulia, anaweza kurudi nyuma na kujihami, anaweza kusogea wavuni, anaweza kudondosha mpira mfupi nyuma tu ya wavu wakati mpinzani amejiandaa kwa kombora. Mchezaji mwenye silaha moja hajiulizi atumie ipi; mwenye nyingi hulazimika kuchagua ndani ya muda mfupi mno, na siku ambayo chaguo linasita, mkono nao husita. Alcaraz ana wingi uleule, na yeye pia huwa na vipindi vya kupotea katikati ya mechi, ila tangu mwaka 2018 hadi mwisho wa 2025 aliongozwa na mwalimu mmoja, Juan Carlos Ferrero, aliyekuwa namba moja duniani katika enzi zake. Katika sehemu ya muda huo Rune, aliyelelewa kimchezo na Lars Christensen tangu akiwa na umri wa miaka sita, alipita mikononi mwa Patrick Mouratoglou, akampata Boris Becker Oktoba 2023, akamwongeza Severin Lüthi aliyewahi kuwa mwalimu wa Federer, na kufikia Februari 2024 wote wawili, Becker na Lüthi, walikuwa wameondoka. Mouratoglou alirudi, akaondoka tena, na katikati ya mwaka huo Rune akarejea kwa Christensen. Kila mmoja wa walimu hao ana jina na kila mmoja alikuwa na la maana la kusema. Kijana mwenye uwezo wa kucheza kwa namna nne, akipewa washauri wanne ndani ya miaka miwili, hawezi kulaumiwa sana asipojua ni namna ipi aikimbilie seti inapofika 5-5. Kama kuna kosa linalostahili kuitwa la kwake katika simulizi hii, ni hilo la kutafuta mwalimu mpya kila aliposhindwa, na ni kosa zito kuliko raketi zote alizowahi kuzivunja.

Inafaa pia kuuliza deni lenyewe linatoka wapi. Mtoto aliyetangazwa na ukoo mzima kuwa daktari kwa sababu ya matokeo yake ya darasa la saba, kisha akaishia kuwa mwalimu mzuri wa sekondari, huishi maisha yake yote akisemwa kwa sauti ya huruma, ingawa hakuna alichomnyima mtu. Rune, kabla ya kutimiza miaka 23, ameshinda mataji matano ya ngazi ya juu na amekuwa wa nne duniani, mahali ambapo hapajawahi kufikiwa na mwanamume mwingine yeyote wa nchi yake tangu orodha ya kompyuta ianze kutumika mwaka 1973. Kumwita mtu huyo aliyeshindwa ni kuitumia vibaya lugha. Na kipimo anachopimiwa ni kikali kupita kiasi, kwani mataji yote manane ya Grand Slam ya wanaume ya miaka ya 2024 na 2025 yaligawanywa kati ya watu wawili tu, Alcaraz na Jannik Sinner wa Italia, na wachezaji wote wengine wa dunia, wenye uthabiti na wasio nao, walitoka mikono mitupu.

Wanaopenda historia watamkumbuka Federer mwenyewe, aliyekuwa akitupa raketi katika ujana wake, aliyetolewa raundi ya kwanza Wimbledon mwaka 2002 na raundi ya kwanza Ufaransa mwaka 2003, kisha majuma machache baadaye akatwaa Wimbledon akiwa na umri wa miaka 21. Mfano huo hupendwa na hutumika vibaya, kwa sababu kwa kila Federer mmoja aliyetulia wapo wengi waliotulia na wasishinde kitu. Utulivu haumwahidi mtu malipo.

Oktoba 2025, katika nusu fainali ya Stockholm dhidi ya Ugo Humbert, akiwa ameshinda seti ya kwanza, Rune alikatika kano ya kisigino, ule mshipa mnene unaounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na ambao kwa mchezaji anayeishi kwa kuruka na kugeuka ghafla ni kama roho ya mguu. Jeraha la namna hiyo huhitaji miezi mingi ya kupona na hurudisha swali lote mwanzo, kwa kuwa mguu unaporejea hauji na kasi ileile moja kwa moja. Kwa upande mwingine, humlazimisha mtu kukaa na kocha mmoja, kazi moja na mpango mmoja kwa muda ambao hakuna mashindano ya kumtia papara, jambo ambalo kijana huyu hakuwa amelipata tangu alipokuwa na umri wa miaka 19.

Hukumu ya haki kwa sasa ni kwamba Rune, mwili ukimruhusu, atarudi kumi bora na atawashinda tena wakubwa katika siku zake, lakini hatashinda Grand Slam mpaka ajifunze kushinda mechi mbaya, na hilo halitatokana na kuongezewa kipaji wala kukaripiwa. Wenye haraka na majibu wanaweza kumtazama yule mzee aliyempa ushauri pale wavuni Paris: Wawrinka alipotwaa taji lake la kwanza la Grand Slam, nchini Australia mwaka 2014, alikuwa na umri wa miaka 28, na Rune atafikisha umri huo Aprili 2031.