Je, Ujuzi Wapungua Ukigawiwa?

Karibu na mji wa Venice, katika nchi ya Italia, kiko kisiwa kiitwacho Murano, ambacho sifa yake ni ufundi wa kioo. Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru tanuri za kioo zihamishiwe huko, kwa kuogopa moto; tena fundi alikatazwa asitoke kwenda kuwafundisha wageni. Ushanga wa Venice ulifika hata pwani yetu, bali siri ya kuutengeneza haikufika.

Kisiwani humo alizaliwa Lino Tagliapietra, mwaka 1934. Aliingia kazini angali mtoto, na alipokuwa na miaka 21 aliitwa fundi mkuu. Kazi yenyewe si ya mchezo. Kioo kilichoyeyuka huchotwa kwa bomba la chuma, hupulizwa kwa pumzi ya kinywa, huku kikizungushwa daima. Maana kikiachwa kidogo huinama na kudondoka, na kikipoa kwa haraka hupasuka. Kazi hii aliipenda hata akapita miaka 80 angali mbele ya moto.

Basi mwaka 1979 alikwenda Marekani, katika shule ya Pilchuck, akawafundisha wageni yale aliyoyapokea kwa wazee wake. Baadhi ya watu wa Murano walimlaumu, kwamba amegawa urithi usio wake peke yake.

Tusiwacheke watu hao. Ujuzi ulikuwa ndio shamba lao, na kwa huo watoto wao walikula. Mwenye kuiogopa njaa husema, "Akiba haiozi." Lakini twaona ya kuwa ujuzi si nafaka ya ghalani. Nafaka ukimpa mwenzio kibaba, kwako hupungua kibaba. Ujuzi ukimpa, mwabaki nao wawili. Kinachoweza kupungua ni faida ya kuwa nao peke yako, na hapo ndipo penye uchungu. Wala fundi huyu hakurudi mikono mitupu: kwa wanafunzi wake alijifunza uthubutu wa kubuni mapya.

Kioo kikiwa motoni hupokea kila umbo. Kikiisha kupoa, hakigeuki tena, huvunjika tu. Na ujuzi uliofichwa ni vivyo hivyo.

Nasi walimu yatupasa kujihoji: ni mara ngapi tumemficha mwanafunzi neno moja, asije akatupita?