Ufa Umeonekana, Nani Auzibe?



Jumapili moja baada ya ibada, baadhi yetu tulibaki nje tukiutazama ukuta wa ukumbi wetu, ambao ufa wake umekuwa ukirefuka tangu masika. Kijana mmoja wa parishi yetu, afanyaye kazi kwa mkandarasi mjini, aliweka rula kando ya ufa, akaupiga picha kwa simu yake, kisha akatuonyesha jinsi mashine inavyopima upana wake na kusema kama ni ufa wa lipu tu au ni wa kutilia shaka. Tulistaajabu. Lakini mzee mmoja, fundi mwashi wa siku nyingi, akamwuliza, "Mjukuu wangu, mashine hiyo ikisema ukuta ni mzima, kisha ukatuangukia, tutamwendea nani?" Kijana akatabasamu, akajibu, "Babu, hilo kazini hatujaulizana."

Yafaa sisi tuulizane, maana mashine hizi ziitwazo akili mnemba si habari za mbali tena. Katika viwanja vya ujenzi vya nchi nyingi, kamera hutazama kutwa nzima na kutoa onyo mtu akipanda jukwaa bila kofia ngumu. Ndege ndogo zisizo na rubani hulizunguka jengo zikipiga picha, na kompyuta huzilinganisha picha hizo na ramani, ili ijulikane kama kila nguzo imesimama mahali pake. Vipimo vidogo huzikwa ndani ya zege vikaeleza joto lake, na kwa joto hilo nguvu za zege hukadiriwa mapema, badala ya kungoja tu vipande vya majaribio vivunjwe siku ya 7 na siku ya 28. Na ile ya kutambua nyufa imefundishwa kwa kuonyeshwa maelfu ya picha za kuta nzima na za kuta mbovu, mpaka ikajua kuzitofautisha.

Tusiidharau kazi hii. Fundi huchoka, na jua la saa nane humpunguzia makini. Mashine haichoki, wala haipokei bahasha. Kijana aangukaye kutoka jukwaani ni mtoto wa mtu, na kama kamera ingaliweza kumwokoa, basi kuikataa kwa sababu tu baba zetu walijenga bila hiyo ni kiburi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine yatusaidia kuuona ufa mapema. Lakini tuisikilize vizuri methali hiyo. Haikusema "usipouona." Ilisema "usipouziba."

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Kumbukeni jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka katika Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo hilo lenye ghorofa nane. Mhandisi aliitwa, akatazama, akasema watu watoke. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Lakini kesho yake washonaji wa nguo waliamriwa kurudi kwenye vyerehani, na wengine walihofia kukatwa mshahara. Asubuhi hiyo jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Hapakukosekana jicho. Ufa uliwaonekania wote, hata wale wa chini kabisa. Kilichokosekana ni mtu mwenye amri ambaye angekubali kupata hasara ya siku moja.

Kumbukeni pia hoteli ya Hyatt Regency katika mji wa Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 njia mbili za juu, zilizoning'inizwa kwa vyuma kutoka darini, ziliwaangukia watu waliokuwa katika dansi, wakafa 114. Ramani ya kwanza ilitaka chuma kimoja kirefu kishike njia zote mbili. Baadaye vikawekwa vyuma viwili vifupi, na kwa badiliko hilo maungio ya njia ya juu yakabebeshwa mzigo maradufu. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa uhandisi angeiweza, lakini haikufanywa. Kila upande ulidhani upande wa pili umekwisha kuipiga, na michoro ikapita ikiwa na muhuri wa mhandisi. Baadaye wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Sasa fikirini. Ikiwa binadamu wawili waliweza kuegemeana hivyo hata pasiwe na mwenye kupiga hesabu, itakuwaje tukimwongeza wa tatu, ambaye husema upesi, kwa sauti ya hakika, na ambaye hawezi kuitwa mahakamani? Mkandarasi atasema, "Kompyuta ilikubali." Mhandisi atasema vivyo hivyo. Mwenye nyumba atasema hakujua lolote. Na waliofiwa watabaki na mashine.

Mtu aweza kusema, "Ikiwa mashine yakosea mara chache kuliko mtu, kwa nini tusiiachie hukumu?" Hoja hii si ya kipuuzi. Kwa kupima na kukumbuka, huenda yatushinda. Lakini picha ya nguzo haionyeshi nondo zilizopunguzwa ndani yake, wala mchanga uliozidishwa usiku ili kubana saruji. Na hata kama ingejua yote, haina cha kupoteza. Haikosi usingizi, haioni haya mbele ya mjane. Sheria ya Musa ilimwagiza ajengaye nyumba mpya azungushie dari yake ukuta, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Hatia hiyo iliwekwa juu ya mwenye nyumba, si juu ya timazi yake. Chombo kikiwa bora zaidi, hatia haihamii kwenye chombo. Bali huzidi kwa mwenye chombo, maana sasa hawezi kusema, "Sikuona."

Kwa hiyo, yeyote kati yetu anayejenga, hata kama ni vyumba viwili vya kupangisha, asitosheke na kuambiwa kwamba mashine imekagua. Aulize ni nani aliyekagua, kwa jina lake. Aulize ni nani mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi, hata tajiri akikasirika. Na amwulize kibarua abebaye zege kama aliwahi kusema neno akasikilizwa. Mahali ambapo kibarua akiona ufa hunyamazishwa, onyo la mashine nalo litazimwa.

Na sisi tuanze na ukuta wetu. Picha ipo, na kipimo kipo. Kamati ya ujenzi imeombwa kumwita mhandisi atakayeandika jina lake chini ya maneno yake. Mpaka hapo atakapokuja, watoto wa shule ya Jumapili wasikae upande ule, na sisi wazee tusimame zamu kuwazuia.