Wazo la Leo: Wanafunzi wa Lugha, Tokeni Nje

Mwalimu mwenye wageni wanaojifunza Kiswahili hapa Mtwara hana sababu ya kuwafungia darasani kutwa. Awagawe watatu watatu, awape karatasi ya maswali, simu zibaki mezani, kisha waingie mitaa ya Likombe. Swali la kwanza: fungu la ming'oko, vile viazi vya porini, ni shilingi ngapi, na hupikwaje? Mama muuzaji hatakimbilia kutaja bei. Atapokea shikamoo yake kwanza, atauliza mmetoka wapi, mmefika lini, na mbona huyu mwenzenu kanyamaza tu? Aliyenyamaza itambidi aseme. Kundi la watu kumi halifai: mmoja ataongea, tisa watatazama tu.

Mchana wapande daladala hadi Mikindani, kilomita 10 hivi. David Livingstone alianzia huko safari yake ya mwisho barani mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga Boma mwaka 1895. Hayo yameshaandikwa, hayahitaji nauli. Cha kuwauliza wazee wa barazani ni jinsi biashara ilivyohama Mikindani baada ya bandari ya Mtwara kujengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, uliokufa karanga zikiwa chache mno. Mzee akianza kusimulia, ngeli zikikosewa zisubiri jioni.

Mwalimu naye asiwafuate nyuma. Akionekana tu, kila mwenye duka ataongea naye yeye.