Mlango Ukifunguka Angani

Leo nataka tuizingatie amana kupitia safari ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuitafakari tena: kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba au Dar es Salaam ndani ya ndege ndogo, ile ambayo kisogo cha rubani unakiona mbele yako na kitasa cha mlango kiko karibu na kiwiko chako.

Mlango huo wakati mwingine hufunguka angani. Sababu mara nyingi ni hafifu: komeo halikuingia sawasawa. Katika ndege aina ya Piper Cherokee, mathalani, mlango ni mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa, nao una makomeo mawili, moja ubavuni na jingine juu. Mwenye haraka hufunga la ubavuni akaghafilika na la juu, na ndege ikiwa imesimama mlango huonekana umefungwa barabara. Kisha injini hunguruma, ndege hushika kasi, pua hunyanyuka, na hewa inayopita kwa nguvu juu ya kiwiliwili chake huuvuta ukingo wa mlango kwa nje. Hapo husikika kishindo, upepo ukavuma ndani, karatasi zikapeperuka, na sauti ya redio ikamezwa na makelele.

Sasa nitegeeni masikio. Ndege hiyo, kwa rehema za Mola, kwa kawaida bado inaruka. Bawaba za milango mingi ya ndege hizi ziko upande wa mbele, kwa hiyo upepo wa safari huurudisha mlango nyuma, ukabaki wazi kwa upana wa vidole vichache. Wala hakuna wa kufyonzwa nje kama kwenye sinema, kwani ndege hizi ndogo, nyingi zao, hazijazwi hewa ya shinikizo kama majeti makubwa, na aliyefunga mkanda wake yuko mahali pake. Hatari iko kwa rubani anayeuacha usukani ili aufuate mlango. Hujinyoosha, akavuta kitasa, hewa ikamshinda, akavuta zaidi, na huku nyuma ya mgongo wa fikra zake pua imepanda, kasi imepungua, mbawa zimekosa upepo wa kuzibeba, na ardhi iko karibu mno kwa yeyote kutubia kosa hilo.

Kwa ajili hiyo walimu wa urubani huwausia wanafunzi wao: ikiwa magurudumu yangali chini na njia ya kurukia ingalipo mbele, punguza moto usimame; ikiwa umeshaondoka ardhini, uache mlango upige kelele zake, shika kasi yako, panda hadi kimo cha amani, uzunguke uwanja na utue kama unavyotua siku zote. Mlango una wakati wake, nao ni chini, ndege ikiwa imesimama.

Waja wa Mungu, tusidhani kughafilika huku ni kwa wachanga wa kazi. Tarehe 29 Disemba 1972, ndege kubwa ya Eastern Air Lines, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa ikikaribia Miami usiku pale taa moja ndogo ya kuonyesha kuwa gurudumu la mbele limeshuka ilipokosa kuwaka. Marubani wake wajuzi wakaishughulikia taa. Mtambo uliokuwa ukishikilia kimo ukaachia bila wao kutanabahi, na ndege ikateremka polepole hadi kwenye vinamasi vya Everglades. Roho 101 zikatoweka. Uchunguzi ukaonyesha kwamba gurudumu lilikuwa limeshuka salama. Kilichoungua ni balbu.

Basi ole wake aliyekabidhiwa roho za watu akaikabidhi akili yake kwa kelele! Baba aliyeiacha nyumba bila mlezi ili ashinde ugomvi wa barazani, ameufuata mlango. Mweka hazina wa msikiti anayejibu matusi ya simuni usiku kucha na daftari la mayatima halijafunguliwa, ameufuata mlango. Umri wetu ni mfupi kuliko tunavyoudhania, na siku ya hisabu hatutaulizwa nani alipiga kelele. Tutaulizwa tulichokabidhiwa kilikuwa mikononi mwa nani wakati kelele zinapigwa.

Wala msimbebeshe rubani peke yake. Ziko ndege za injini mbili zenye sanduku la mizigo puani. Kifuniko chake kikiachwa bila kukomewa, mzigo unaweza kutoka ukapiga panga la injini. Aliyekifunga mara nyingi ni kijana wa mizigo, anayebaki chini, anayekwenda zake kunywa chai ndege ikipaa. Mwili wake umebaki uwanjani, lakini dhima yake imepanda na abiria. Na kusoma dua ya safari hakumwondolei mtu wajibu wa kulijaribu komeo kwa mkono. Mimi sijui tawakali inayomfundisha mtu uvivu.

Nanyi mtakaovuka wiki hii, mkiona kitasa hakijakaa sawa kabla injini haijawashwa, semeni, hata kama rubani atakunja uso, kwani nasaha ni haki yake juu yenu. Mlango ukifunguka angani, msiushike, msipige mayowe, msimshike bega. Kazeni mikanda, zuieni vitu visiruke, mwacheni afanye kazi yake. Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu wanaorusha ndege hizi, wape macho yasiyohadaika na mikono isiyoachia, uwarudishe wao na waliowabeba kwa wake zao, waume zao na watoto wao. Amin.